Milango Mitano ya Bwana Kasubi

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akiniongezea moja juu ya fungu, naigeuzageuza kutafuta palipooza. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi akipewa zawadi anauliza imetoka wapi kabla ya kusema asante. Siwalaumu, kwa sababu hawajui tabia hii niliipatia wapi, na mpaka mwezi uliopita sikuwa nimemsimulia mtu. Mwezi uliopita tulimzika Bwana Kasubi, aliyekuwa mkuu wangu wa kazi ujanani, nyumbani kwake Kahama. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai la msiba, sahani ya wali mapajani, nilipomwona Bulugu, fundi wetu wa kompyuta wa enzi zile, akiingia. Amekuwa mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi, shingo imetangulia mbele kidogo vilevile kama alivyokuwa akiinamia kioo cha kompyuta. Aliwasalimia watu safu nzima, mmoja mmoja, akafika kwangu akasema, "Dada Zuhura, mhola?" Nikaitikia mhola, kwa salamu hiyo ya Kisukuma, nikaweka sahani chini. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka ule.

Mwaka ule ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Sukari ilikuwa haionekani, sabuni haionekani, na mtu akionekana navyo basi alikuwa na maelezo ya kutoa. Shinyanga mjini tulinywa chai kwa tende moja iliyowekwa shavuni, na jirani akikusikia unakoroga kikombe kwa kijiko alijiuliza unakoroga nini. Nilimwona mwenye duka wa mtaa wetu, mzee wa heshima zake, akimwaga mafuta ya kula chooni asubuhi kweupe kwa sababu alisikia gari limesimama kona ya pili. Gari lilikuwa la mkaa. Ndani ya hali hiyo, shirika moja la umma ambalo sitalitaja lilinipa kazi ya ukarani katika mradi wa kompyuta, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na nikajiona nimeukata.

Shirika hilo lilikuwa limetoboa mashimo ya utafiti wa dhahabu sehemu za Geita kwa miaka mingi. Matokeo yake yote yalikuwa kwenye kadi, kadi ziko kwenye makasha, na makasha yanaliwa na mchwa. Mradi wetu ulikuwa ni kuziingiza kadi zile kwenye kompyuta ili itoe orodha moja safi: namba ya shimo, kijiji, kina, na kiasi cha dhahabu kilichoonekana. Kule porini kila shimo lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha zege chenye namba iliyochorwa kwa msumari. Kwa hiyo mtu akiwa na namba na matokeo yake, alichobakiwa kutafuta ni sururu tu. Hilo kila mmoja wetu alilijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana chumba cha kompyuta kilikuwa na nondo dirishani, kufuli mbili mlangoni, na mlinzi aliyekagua hata viatu vyetu. Viatu tulivivua nje kwa sababu ya vumbi. Ndani kulikuwa na kiyoyozi pekee cha ofisi nzima, na nakumbuka ubaridi wa sakafu ile kwenye nyayo kuliko ninavyokumbuka kazi zenyewe.

Bwana Kasubi alikuwa ametoka ng'ambo kusomea usimamizi wa miradi, miezi sita, akarudi na begi la makaratasi na imani moja. Aliamini kwamba mradi hauharibikiwi ukipitishwa kwa hatua, na kila hatua iwe na mlango. Alichora milango mitano ubaoni kwa chaki. Wa kwanza, tunataka nini. Wa pili, tutafanyaje. Wa tatu, tumejenga. Wa nne, tumepima. Wa tano, tunakabidhi. Kwenye kila mlango ilikaa kamati ya wajumbe watano, na sahihi nne hazikutosha; akikosekana mmoja, mradi ulisimama palepale. Katika hao watano alikuwamo mmoja ambaye hakuna aliyejua anatoka idara gani, na kwa hiyo wote tulijua. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kukaa akiwa ameupa mlango mgongo.

Pamoja na milango kulikuwa na daftari. Bwana Kasubi aliliita Daftari la Hofu, na mimi ndiye niliyelitunza. Alitufundisha kwamba mradi mzuri huandika mapema kila kitu kinachoweza kuuharibu: umeme kukatika, printa kufa, kadi kupotea. Kila hofu ilipewa namba, na mbele yake likaandikwa jina la mwenye hofu hiyo, maana yake mtu atakayeiangalia na kuijibia mbele ya kamati. Huko alikosomea, nina hakika, daftari la namna hiyo ni kitu cha salama kabisa. Kwetu, mwaka ule, kumpa mtu daftari na kumwambia aandike anachokihofia ilikuwa ni kumpa kiberiti. Wiki za kwanza tuliandika panya na umeme. Kufika mlango wa pili, watu walikuwa wanakuja mezani kwangu mmojammoja, wanafunga mlango, wanasema wana hofu kuhusu mtu fulani. Dereva anasimama sana Isaka. Mpiga chapa ana redio mpya. Mimi niliandika. Ilikuwa kazi yangu, na sitadanganya, nilianza kuipenda.

Bulugu ndiye aliyekuwa fundi wa mashine. Alikuwa Msukuma wa Ushetu aliyesoma ufundi Dar es Salaam, mcheshi, na saa saba mchana alitoa mkebe wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa, imechanganywa na karanga za kutwanga, akausogeza katikati ya meza kama kwamba ni wetu sote. Tulikuwa wawili tu wenye funguo za chumba, yeye na mimi, kwa hiyo tulikula pamoja siku nyingi. Sikuwahi kufanya kazi na mtu aliyenichekesha kama yule. Aliiita kompyuta "bi mkubwa", na ilipogoma aliisemesha Kisukuma kwa upole mpaka ikawaka. Siku moja tukila kutoka mkebe ule ule aliniambia kwamba mdogo wake, Shija, anachimba dhahabu Geita, ana duara lake, yaani shimo la kuchimbia, yeye na wenzake watatu, na kwamba amekuja kumtembelea, amelala chumbani kwake siku tatu. Akatazama dirishani, akasema, "Usimwambie mtu, dada. Mwaka huu si wa kuwa na ndugu mchimbaji." Nikamwambia hata mimi sijasikia.

Tulikuwa tumeshavuka mlango wa tatu, tunaelekea wa nne, taarifa ilipoletwa na walinzi wa Geita. Wachimbaji wadogo walikuwa wamevamia mashimo yetu. Kuvamia si ajabu, walivamia kila mwaka. Ajabu ilikuwa kwamba safari hii waliyaruka mashimo mabovu. Walipita hapa, wakapita pale, wakaenda kuchimba pembeni mwa vizibo vile tu ambavyo orodha yetu ilisema vina mali. Bwana Kasubi alitukusanya, akasoma taarifa kwa sauti iliyokauka, akasema, "Hawa hawabahatishi. Wanasoma." Kisha akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na nilipofikiwa na macho yake nilihisi nimefanya kosa ingawa sikujua kosa gani.

Kuanzia siku hiyo ofisi ile ilioza. Watu waliacha kuazimana kalamu. Mama Tatu, aliyetupikia chai na maandazi uani, alilalamika kwamba kila mtu anakuja kunywa peke yake na kuondoka. Mkebe wa michembe ulirudi kuwa wa mtu mmoja. Nilianza kumtazama Bulugu, na ukishaanza kumtazama mtu huachi. Alikuja na shati jipya, nikajiuliza. Alisimama getini na dereva wa lori wakicheka, nikahesabu wamecheka muda gani. Aliponiuliza mbona nimekuwa kimya, nilijiambia anapima ninajua nini. Nataka hili lieleweke, kwa maana ni rahisi kusema niliogopa tu. Niliogopa, ndiyo, funguo zilikuwa mbili na mojawapo ilikuwa yangu. Lakini pia nilimshuku kwa moyo wangu wote. Hilo ndilo linalonitetea, na ndilo linaloniuma zaidi.

Siku mbili kabla ya mlango wa nne, yule mjumbe mpole alikuja mezani kwangu. Hakunitisha. Aliniuliza habari za nyumbani, akasifu mwandiko wangu, akafungua Daftari la Hofu taratibu kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Akafika kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaweka kidole kwenye mstari mtupu. "Mwanangu," akasema, "hapa naona pamebaki nafasi." Nikachukua kalamu. Niliandika namba kumi na nne, na mbele yake nikaandika kwamba fundi wa mashine ana mdogo wake mchimbaji huko Geita, na kwamba huyo mdogo alilala kwake siku tatu. Kwenye nafasi ya mwenye hofu nikaandika jina la Bulugu mwenyewe. Mjumbe akapuliza wino ukauke, akanishukuru, akaniuliza kama chai ipo.

Walimchukua kesho yake asubuhi, akiwa anabadilisha utepe wa printa. Walikuwa watu wawili tu, hawakumpiga wala kumfokea. Alitoka na soksi, akainama kuchukua viatu mlangoni, mmoja wao akamwambia huko aendako atakuta vingine. Alinitazama mara moja, na hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuniambia nichunge nisije nikachukuliwa na mimi. Viatu vyake vilikaa pale mlangoni wiki nzima, kila mtu akivikwepa, mpaka Mama Tatu alipoviondoa. Na siku ya pili mlango wa nne ulipita kwa sahihi tano. Mbele ya hofu namba kumi na nne Bwana Kasubi aliandika: imeshughulikiwa.

Hatua ya mwisho ilinitaka niende Geita na Bwana Kasubi kulinganisha orodha na vizibo vya porini kabla hatujakabidhi. Tulipita Kahama, tukapita Segese, vumbi limetukaa kwenye nyusi, na njia nzima aliniambia jinsi mfumo wa milango ulivyouokoa mradi. Tulipofika, mkuu wa walinzi alitueleza jambo ambalo sikulitegemea. Uvamizi haukuwa umekoma. Wiki iliyopita tu walikuwa wamechimba pembeni mwa mashimo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaingiza kwenye kompyuta baada ya Bulugu kukamatwa. Bwana Kasubi alisema basi Bulugu ana wenzake. Mimi nilisema nina njaa, nikaelekea kwenye vibanda vya machimboni.

Kwenye kibanda cha tatu palikuwa na beseni la karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye vikaratasi vilivyokunjwa kama pembe. Nilinunua kimoja. Nilipomaliza karanga, nikakunjua karatasi, na pembeni nikaona vitundu vya printa. Ilikuwa karatasi ya orodha yetu. Namba za mashimo, vijiji, matokeo, na pembezoni alama ya penseli niliyokuwa nikiiweka mimi nikikuta kosa. Kando yangu alikaa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa zamani uliofungwa miaka ya nyuma, amevaa miwani yenye kioo kimoja, ametandaza vikaratasi vyake juu ya goti. Alikuwa anavisoma. Vijana wamemzunguka, wametulia, wanasubiri awaambie.

Sasa niseme nilichokuwa sijakisema. Kila mlango ulihitaji nakala tano za orodha, moja kwa kila mjumbe, na wajumbe wale hawakuacha kuona kasoro. Safu imekaa vibaya, rudieni. Jina la kijiji halikuandikwa kwa herufi kubwa, rudieni. Kila kurudia ni nakala tano mpya, na zile za zamani zilitakiwa kuteketezwa kwa moto, nami natia sahihi kwenye fomu kwamba nimeziteketeza. Lakini huo ulikuwa mwaka ambao watoto waliandika somo la hesabu mchangani kwa kukosa daftari. Karatasi ile ilikuwa nyeupe, nzito, safi kabisa upande wa nyuma. Kuichoma kungenifanya nijisikie kama ninamwaga chakula. Mama Tatu alikuwa na watoto watano wanaosoma, akaniomba, nikampa. Nilimpa kila mara, mirundo kwa mirundo, na nikatia sahihi fomu zote. Watoto waliandika upande mweupe, na daftari zikijaa, mama yao alizikata akafungia karanga, akazituma kwa lori kwa mume wake, ndiye mwenye kibanda kile cha machimboni. Hakuna aliyeiba kitu. Kadiri kamati ilivyotulinda kwa kutaka nakala mpya, ndivyo karatasi zilivyozidi kwenda Geita.

Nilinunua beseni zima. Mume wa Mama Tatu alifurahi, akanitakia safari njema. Nilikwenda nyuma ya kichuguu nikamwaga karanga, nikachoma kikaratasi kimojakimoja, na huo ndio moto wa kwanza wa kweli niliowahi kuuwasha katika mradi ule. Niliporudi Shinyanga nilifungua Daftari la Hofu nikiwa peke yangu, mchana, wengine wamekwenda kula. Namba kumi na tano ilikuwa wazi. Sentensi nilikuwa nayo tayari kichwani, ilikuwa fupi. Kilichonishinda ni ile nafasi ya mwisho, ya jina la mwenye hofu, kwa sababu safari hii jina lilikuwa langu. Nilimfikiria Bulugu alipo. Nikamfikiria Mama Tatu na watoto wake watano. Halafu, na huu ndio ukweli, nikajifikiria mimi, na mimi ndiye niliyeshinda. Nikafunga daftari, nikaenda kunywa chai.

Kuanzia hapo nilichoma kila karatasi. Mama Tatu nilimwambia mkubwa amekataza, akasema hewala. Baada ya miezi miwili uvamizi wa kuchagua ulikoma, na kamati ya mlango wa tano ikaandika kwamba hatua zilizochukuliwa dhidi ya fundi wa mashine zimezaa matunda. Niliipiga chapa sentensi hiyo mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi. Tulikula pilau ya kukabidhi mradi uani, sukari ikapatikana siku hiyo sijui kutoka wapi, na kila mjumbe akanipa mkono. Bulugu aliachiwa mvua zilipokwisha, bila kufikishwa mahakamani na bila kurudishiwa kazi. Niliambiwa amerudi Ushetu kulima tumbaku. Nikaomba uhamisho wa Tabora, nikaupata.

Yote hayo nilimwambia Bulugu pale msibani mwezi uliopita. Sikupanga. Alikuwa amevuta kiti karibu yangu, akaniuliza wajukuu wangapi, akanisifu kwamba sijazeeka, akasema Kasubi alikuwa mtu mzuri ila alipenda mno makaratasi. Akacheka kicheko kile kile cha siku za mkebe. Nikaona nikinyamaza dakika moja zaidi nitazikwa nalo. Nikamwambia kuhusu namba kumi na nne, nani aliandika. Nikamwambia kuhusu karanga. Alisikiliza akiitazama kofia yake, akiizungusha taratibu kwa vidole.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Kabla ya mlango wa tano," nikasema. "Ulikuwa bado ndani."

Nilijiandaa kwa lolote. Angenipiga ningekubali, angepiga kelele watu wasikie ningekubali pia. Yeye alisubiri wanawake waliokuwa wakikusanya sahani watupite. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, kwamba kule ndani alikaa miezi akijiuliza ni nani aliyeitoa orodha, na jibu lilikuwa moja tu. Nani mwingine alilala chumbani kwake siku tatu, begi lake la kazi likiwa chini ya kitanda? Alipotoka alimwita Shija akamwambia amemuuza. Shija aliapa kwa kaburi la mama yao. Alituma wazee wa ukoo mara mbili kuja kusuluhisha, na mara zote mbili Bulugu aliwapa chakula wakala, halafu akawarudisha.

"Mimi wewe sikukushuku hata siku moja," akasema. "Nilimshuku mdogo wangu. Alikufa mwaka juzi, dada. Leo nimetoka Ushetu kuja kumzika Kasubi aliyenifunga, na Shija sikwenda kumzika."

Nilishika mkono wake, akauacha ndani ya wangu kama kitu ambacho si chake. Nilisema nisamehe. Aliutoa mkono, akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusimulia alinitazama usoni.

"Mke wake yupo hai," akasema. "Yuko Geita na watoto. Utakwenda kuwaambia, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Mimi wakiniona hawanifungulii mlango."

Nikamwomba anielekeze kijiji.